Nimeibiwa Kulima

Nyie vijana mnaoendesha matrekta mapya yenye kibanda na redio, kaeni nami kidogo. Mgongo wangu ulistaafu kabla yangu, na sikio langu la kulia halisikii vizuri kwa sababu lilikaa upande wa bomba la moshi kwa miaka mingi. Nikijibu swali ambalo hamkuuliza, mnisamehe na mpokee hivyo hivyo.

Mimi ni Fabiano. Nilizaliwa Tlawi, kwenye milima ya jembe la mkono, ambako trekta hata leo likipanda linapanda kwa sala. Kijana nikashuka Basotu kutafuta kazi kwenye mashamba makubwa ya ngano ya serikali, na huko ndiko nilikofundishwa kulima. Baadaye nikawa nalimia watu binafsi, Katesh, Gehandu, na vijiji vyote mnavyoviona chini ya mlima Hanang. Nimelima mashamba ya walokole, ya masheikh na ya walevi. Udongo wote ni mmoja. Wenye udongo ndio wanaotofautiana.

Kwanza mwelewe kitu tunachouza. Muuza shati akidhulumiwa, anaweza kumkuta mtu wake mnadani amelivaa, akamvua. Muuza mbuzi atamtambua mbuzi wake kwa alama ya sikio. Sisi tunauza kulima. Ukishapita, umepita. Huwezi kurudi shambani ukageuza udongo ulale kama ulivyokuwa jana. Ndiyo maana katika kazi hii uongo ni mwingi kuliko visiki.

Uongo wa kwanza ni wa heka. Mtu atakuambia, "Mzee, ni heka mbili tu, ndogo ndogo." Heka hazina ndogo ndogo. Heka ni hatua sabini kwa sabini, na hatua ziwe zako, si zake. Mwenye shamba akikupimia, anaruka kama swala. Shuka, zima mashine, pima mwenyewe. Uongo wa pili ni wa visiki. "Shamba hili halina hata kijiti." Wewe usimjibu. Tembea umezungusha macho chini, hasa penye majani mabichi kuliko mengine, kwa sababu kisiki cha mgunga hakifi, kinajificha. Na kabla ya yote chukua udongo kiganjani, ufinye. Ukitoka bonge linalong'aa kama sabuni, rudi nyumbani ukanywe chai. Trekta litazama na wewe utachekwa.

Lakini msidhani waongo ni wateja peke yao. Nami nilidanganya.

Fundi wangu wa kwanza pale Basotu alikuwa Mzee Yona, mtu mfupi, mkimya, aliyetembea na ufito wa kupimia kina, aliouchonga alama za kisu. Siku moja nilitaka kuwahi mpira. Nikainua jembe kidogo, likawa linakwenda juu juu, trekta likapata mbio, dizeli ikabaki, na mimi nikamaliza mapema nikajisifu. Mzee Yona akaja. Hakusimama pembeni mwa shamba. Akatembea mpaka katikati kabisa, akachomeka ufito wake.

"Fabiano," akasema, "hapa umelima au umekuna?"

"Nimelima, mzee."

"Pembeni umelima. Pembeni kila dereva ni mtakatifu. Huku katikati umekuna."

Nikarudia shamba lote, yeye amekaa kwenye kingo anatafuna punje za ngano, na mpira nikausikia kwa kelele tu. Jioni akaniambia kwa upole, "Uongo wa dereva huota, mwanangu. Baada ya wiki tatu ngano yenyewe ingenisimulia." Tangu siku hiyo nikilima huwa nasimama katikati, nashuka, napima. Nanyi fanyeni hivyo. Hamtapungukiwa na kitu isipokuwa mpira.

Basi mambo yakabadilika. Serikali ikaanza kuachia biashara, mashamba makubwa yakapunguza watu, matrekta makuukuu yakauzwa. Sisi madereva tukarudi majumbani na ujuzi mikononi na hatuna pa kuushikilia. Aliyeniokoa ni Mama Hadija, mjane mwenye duka pale Katesh. Wazazi wake walitoka Kondoa, yeye akauza vitenge, chumvi na sukari mpaka akanunua mojawapo ya yale matrekta. Wanaume wa Katesh walicheka sana. Mwanamke na trekta! Lakini yule mama, ingawa hakujua kuendesha, alijua mashine kwa sikio. Nikipita mbali anatoka dukani, anasikiliza, nikifika ananiambia, "Fabiano, leo inakohoa. Umesafisha chujio?" Na kweli sijasafisha.

Alikuwa na sheria moja tu: mteja alipe kwanza, jembe lishuke baadaye. Sheria hiyo aliitamka asubuhi kama wengine wanavyotamka sala.

Kazi ilikuwa na raha zake. Kuna kijana mmoja alilipia heka moja huko Gehandu, akaniomba apande nami juu ya mbawa ya tairi. Nikamruhusu. Akavaa miwani myeusi. Kila nyumba tuliyopita akapunga mkono kama mbunge. Tukafika, nikalima, na mzee mmoja akatoka na kiti akaniketisha kivulini, akaniuliza kwa heshima, "Huyu bwana amekuajiri tangu lini?" Ndipo nikajua kwamba tuko kwa wakwe, na kwamba trekta la Mama Hadija limeshaposa. Nikamjibu, "Mzee, mimi leo ndiyo siku yangu ya kwanza." Uongo haukuwemo. Yule kijana alioa, wana watoto watano, na mkewe nilipomsimulia miaka mingi baadaye alicheka mpaka akashika mlango. Akasema, "Babu, mimi nilijua. Ningemwambia baba, angenirudisha kuchunga."

Sasa nije kwenye ile habari iliyonifikisha mahakamani.

Ilikuwa wakati mkoa wetu umekatwa kutoka Arusha, ukaitwa Manyara. Mambo ya mkoa mpya yalikuwa mdomoni mwa kila mtu. Katesh ilijaa wageni wenye majalada makwapani. Mmoja anapima barabara, mwingine anahesabu vyoo, mwingine hakujulikana anafanya nini, lakini alipewa kiti. Mtu yeyote mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati alisalimiwa mara mbili.

Asubuhi moja akaingia dukani mtu wa miaka arobaini hivi, koti safi ingawa lilimpwaya, ndevu zimechongwa, kalamu mbili mfukoni, jalada mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni nafunga hosi ya dizeli.

"Shikamoo mama," akamwambia Mama Hadija. "Naitwa Bwana Elia. Natoka kilimo, mkoani. Tunaanzisha shamba la mfano Gehandu, heka tano. Nimeelekezwa kwako."

"Marahaba. Karibu. Malipo?"

"Mkoa utalipa mwisho wa mwezi. Muhuri bado uko njiani, mama. Unajua ofisi ni mpya, hata viti hatujapata."

Mama Hadija akatikisa kichwa. "Mwanangu, serikali naiheshimu, lakini dizeli haijui mwisho wa mwezi."

Yule mtu hakubishana. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye Fabiano? Wa Basotu? Huko tulikopita wote wanasema, kama hakuna Fabiano, afadhali tusubiri mwakani."

Vijana, sikilizeni. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na kitu, nina mke na wajukuu, nimeshaumwa na nyoka na nimeshapinduka na trekta. Na maneno yale yalinilainisha kama mafuta kwenye bawaba. Nikamwita Mama Hadija pembeni.

"Mama, huyu ni mtu wa serikali. Tukimkatalia, mkoa mzima utakwenda kwa wengine."

"Unamjua?"

"Simjui, lakini namdhamini. Asipolipa, nidai mimi."

"Haya. Maneno hayo umeyasema wewe, si mimi."

Tukaenda Gehandu. Bwana Elia alikaa juu ya mbawa ya tairi, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Njia nzima hakuniuliza habari ya kijiji hata kimoja, wala hakuelekezwa na mtu. Kila njia panda alijua kulia au kushoto. Mtu mgeni asiyeuliza njia! Hilo peke yake lilitosha kunizindua, lakini mimi bado nilikuwa natafuna zile sifa.

Shamba lilikuwa limelala miaka mingi. Majani kiunoni, migunga michanga imeota. Upande wa juu palikuwa na nyumba moja ya bati lenye kutu. Bwana Elia akanionyesha mipaka yote minne bila kusita, hata jiwe lililofunikwa na majani alilijua. Kisha akaenda kusimama upande wa chini, mbali na nyumba, akabaki huko.

Nilipokuwa naanza heka ya pili, akatoka bibi mmoja mwembamba, shuka begani, kibuyu mkononi. Huyo ni Bibi Paulina, mjane, mwenye shamba. Nikazima mashine nikashuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akanimiminia maziwa ya mgando. "Nani amekutuma kulima hapa?"

"Mkoa, bibi."

"Mkoa ni mtoto wa nani?"

Nikacheka, nikamweleza. Serikali, mkoa mpya, shamba la mfano. Nikamwonyesha kwa kidole, bwana mkubwa ndiye yule kule chini. Bibi akaweka mkono juu ya macho, akamtazama. Bwana Elia akageuka, akaanza kutembea kufuata mpaka, anaangalia udongo. Bibi akamfuata kwa macho mpaka mwisho wa mpaka. Kisha akaziba kibuyu.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mwambie mkoa ahsante. Lima. Na huku juu karibu na mgunga usipite, kuna kaburi la mzee wangu."

Nililima siku mbili. Niwaambie ukweli, sijawahi kulima vizuri kama pale. Nilitaka shamba la mfano liwe mfano. Siku ya pili mchana, mfereji wa mwisho ulipobaki, Bwana Elia akaja, akasimama akitazama ule udongo mweusi uliogeuka. Nikaona machozi. Nikadhani ni vumbi. Akaniambia, "Mzee Fabiano, naenda ofisi ya mtendaji kuchukua fomu utie sahihi. Usiondoke." Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nilimaliza. Nikasafisha diski za jembe, nikala, nikasubiri. Jua lilipoinama nikaenda mwenyewe ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji alikuwa anakula miwa.

"Bwana Elia gani?"

"Wa kilimo. Wa mkoani."

"Mzee, mimi hata baiskeli ya mkoani sijaiona."

Safari ya kurudi Katesh ndiyo ndefu kuliko zote nilizoendesha. Mama Hadija alisikia trekta, akatoka. Safari hii hakuzungumzia chujio. Akaniangalia usoni tu, akajua. Hakupiga kelele. Akanyoosha mkono, nikaweka ufunguo kiganjani mwake. Halafu akanipa kipimo cha chumvi.

Kuanzia siku ile nikawa muuza duka. Msimu wa kulima uko kileleni, matrekta ya wengine yanapita yakinguruma, na Fabiano wa Basotu anapima sukari ya robo. Kina mama waliokuja kununua waliniamkia kwa adabu, wakauliza, "Na trekta liko wapi siku hizi, baba?" Mke wangu nyumbani alianza kuniita Mkoa. "Mkoa, chakula tayari." Niliona haya mpaka nikawa napita njia za nyuma. Mama Hadija alikwenda polisi akaandikisha habari, nami nikatoa maelezo, lakini nilijua moyoni kwamba mtu yule ameshavuka mpaka wa dunia.

Kumbe alikuwa Basotu. Nilikwenda huko baada ya mwezi na zaidi kumpelekea mteja vitenge. Nikashuka ziwani kutazama samaki wa kupeleka nyumbani, nikaona mtu amebeba matenga mawili ya samaki kichwani, kaptura imechanika, miguu mitupu. Mwendo nikautambua, kwa sababu nilimtazama siku mbili akitembea juu ya mpaka. Nikasimama mbele yake.

Nilitegemea akimbie. Akatua matenga taratibu, moja baada ya jingine.

"Shikamoo, Mzee Fabiano."

Sikuitikia. Nikamwuliza, "Koti liko wapi?"

"Lilikuwa la kuazima. Nimelirudisha."

"Na mkoa? Nao ulikuwa wa kuazima?"

Akakaa chini kwenye mchanga kama mtu aliyekatwa kamba. Akaniambia jina lake halisi, Boay, na kwamba Bibi Paulina ni mama yake mzazi. Alipokuwa na miaka ishirini, baba yake ameshakufa, alichukua maksai wawili wa mama yake, wale wa kulimia, akawapeleka mnadani akawauza, akaenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Akamwahidi moyoni kwamba atarudi na ng'ombe ishirini. Akakaa mashimoni miaka ishirini. Hakupata jiwe, alipata kikohozi. Aliporudi alipita karibu na nyumbani kwa siri, akaona shamba limekuwa msitu.

"Wale maksai ndio waliokuwa wanalima lile shamba," akasema. "Nikashindwa kubisha hodi mikono mitupu. Nikasema, kwanza lilimwe. Lilimwe japo mara moja."

Nilisimama pale na hasira yangu, na hasira haikujua iende wapi. Mwishoni nikamwambia, "Boay, umerudisha maksai wa mama yako kwa kuniibia mimi."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi napima chumvi kwa ajili yako."

"Sikujua, mzee. Nilidhani hasara ni ya tajiri."

Karirini neno hilo, enyi mnaopenda njia za mkato. Kila anayedanganya ili afanyiwe kazi hudhani hasara ni ya tajiri. Tajiri ana daftari na ana subira. Anayebanwa ni yule aliyesema "namdhamini".

Nikamwambia tuondoke, akafuata mwenyewe bila kushikwa. Tulipanda lori la magunia mpaka Katesh, tukaingia kituo cha polisi pamoja.

Kesi ikasomwa katika mahakama ya mwanzo. Hakimu alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani puani, asiyependa maneno mengi. Mahindi mashambani yalikuwa yamefika magotini. Mimi nilikuwa sijawahi kusimama kizimbani kwa lolote. Usiku uliotangulia nilikuwa nimepanga kusema uongo mdogo wa huruma, kwamba labda sikumwelewa vizuri yule bwana, labda alisema yeye ni mtu wa kilimo kwa maana ya mkulima. Nilimwonea huruma. Lakini nilipoingia nikamwona Mama Hadija amekaa benchi la mbele, mtandio umefungwa vizuri, mikono mapajani. Yeye aliniamini kwa neno langu, naye akapoteza. Nikaona sina haki ya kugawa huruma kwa kutumia mali yake.

"Shahidi," hakimu akaniuliza, "wewe umeibiwa nini?"

Nikafikiri. Trekta lilikuwepo. Jembe lilikuwepo. Hata kofia yangu ilikuwepo.

"Mheshimiwa, nimeibiwa kulima."

Watu wakaangua kicheko. Mgambo aliyekuwa mlangoni aligeukia ukuta, mabega yakimcheza. Hakimu peke yake hakucheka. Akagonga meza.

"Nyamazeni. Mzee amejibu vizuri kuliko mnavyodhani. Sheria haitazami tu mkono uliobeba kitu. Mtu akikudanganya kwa makusudi, ukamfanyia kazi ambayo usingeifanya kama ungejua ukweli, hilo ni kosa, hata kama hakuondoka na punje moja. Na kujifanya mtumishi wa serikali ni kosa jingine. Endelea, mzee."

Nikasema yote. Koti, kalamu mbili, jalada. Nikasema na sifa alizonimwagia na jinsi nilivyozimeza, na kwamba mimi ndiye niliyevunja sheria ya Mama Hadija. Kisha nikasema na habari ya maksai, kwa sababu nayo ilikuwa kweli. Boay alipoulizwa akajibu maneno mawili tu, "Ni kweli."

Hakimu alikuwa anaandika, mara sauti ikatoka nyuma.

"Mheshimiwa, na mimi nisikilizwe."

Alikuwa Bibi Paulina. Sijui alifikaje kutoka Gehandu, maana vumbi lilikuwa limemfika magotini. Karani alitaka kumketisha, hakimu akamzuia, akamruhusu asogee mbele.

"Huyu mzee anasema ameibiwa kulima," bibi akasema. "Shamba ni langu. Mahindi ni yangu, nimeshapanda. Kama kulima kuliibiwa, basi aliyekula ni mimi."

"Bibi, wewe ulijua ni udanganyifu?"

"Nilijua mwendo. Huyu mzee aliponionyesha bwana mkubwa, nikamwona anatembea kama marehemu mume wangu, mguu wa kushoto unatupwa nje. Nikajua ni Boay. Na Boay hawezi kuwa mkoa."

Safari hii hakimu naye alishusha miwani. "Kwa nini hukusema?"

"Mheshimiwa, ningesema, trekta lingeondoka." Alisema bila aibu yoyote. "Miaka ishirini nimelima kwa mkono kipande cha kunitosha mboga. Nikasema, acha trekta limalize, kisha nitamwita kwa jina lake. Lilipomaliza, hakuwepo. Hilo ndilo kosa langu, na nisamehewe na huyu mama mwenye trekta."

Mama Hadija akasimama.

"Mheshimiwa, naomba huyu mtu asifungwe. Akifungwa atalima shamba la gereza. Mimi nataka alime langu."

Hakimu alimtia Boay hatiani. Alimkaripia kwa muda mrefu, hasa juu ya kuchezea jina la serikali, akamwachia kwa masharti, na akaamuru alipe fidia ya dizeli na kazi yote. Hana fedha, basi wakakubaliana mbele ya hakimu kwamba atatumika kwa Mama Hadija mpaka iishe. Nami nikarudishiwa ufunguo jioni ile ile, bila hotuba. Boay alifanya kazi nami msimu mzima uliofuata, anatangulia shambani kung'oa visiki. Na niwaambie, hakuna mteja aliyewahi kutudanganya heka alipokuwepo. Alikuwa anamtazama mtu usoni, ananinong'oneza, "Mzee, huyu pima mwenyewe." Hakukosea hata mara moja. Alipomaliza deni lake akarudi Gehandu, na yuko huko mpaka leo.

Mtaniuliza, kwa hiyo babu unatuambia tudanganye au tusidanganye? Nawaambia mshuke kwenye trekta mpime hatua sabini, mdai malipo mapema, na mtu akiwasifu kabla hajawaona mkilima, mkaze boliti zote. Zaidi ya hapo, nilichokiona nje ya mahakama siku ile nawaachia kama kilivyokuwa.

Tulitoka, watu wakatawanyika. Boay alibaki chini ya ngazi, amesimama mbele ya mama yake, mikono haijui ikae wapi. Mimi na Mama Hadija tulikuwa hatua chache tu. Akainama mpaka karibu agonge goti.

"Shikamoo, mama."

Bibi Paulina hakuitikia. Mnajua kwetu uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Akamtazama kuanzia unyayo, magoti, mikono iliyochubuliwa na mashimo ya Mererani, mpaka nywele zilizoanza kuwa nyeupe. Alimtazama hivyo mpaka Mama Hadija akanishika mkono bila kujua.

"Maksai wangu wako wapi?" bibi akauliza.

"Sina, mama."

"Hata kamba yao?"

"Sina, mama. Nimerudi mwenyewe tu."

Bibi akavuta shuka yake begani. Akatazama juu, mlima ulikuwa umevaa wingu, na wote tuliokuwepo tulijua maana yake.

"Marahaba," akasema. "Twende haraka. Mvua inakuja na mahindi hayajapaliliwa."